Chukudu ya Kwanza: Breki Kabla ya Ukubwa

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo humlenga mvivu, yule ambaye kila jembe apewalo huliona zito, au fupi, au butu, hata jua likawa la utosi naye angali barazani. Haimlengi kijana anayeanza kazi kwa chombo kinachoweza kumvunja mguu. Kijana wa namna hiyo hana budi kuchagua, tena kuchagua kwa makini, na wazazi wake wana wajibu wa kumsaidia.

Katika Sekta ya Cyanzarwe, wilayani Rubavu, chombo chenyewe ni chukudu, ambayo kwa Kinyarwanda huitwa igicugutu. Ni baiskeli ya mbao isiyo na pedali wala mnyororo: ubao mrefu wa kubebea mzigo, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa gari kuukuu, na usukani mbele. Mwendeshaji huweka goti moja juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili. Penye kilima hushuka na kukokota. Penye mteremko hupanda na kujiachia. Mjini Goma, ng'ambo ya mpaka, chombo hiki kilijengewa sanamu ya rangi ya dhahabu, iliyozinduliwa mwaka 2009. Asikidharau mtu, basi. Hata baba wa baiskeli zote, mashine ya Mjerumani Karl Drais iliyopita barabarani Mannheim mwaka 1817, ilikuwa ya mbao, nayo ilisukumwa kwa miguu vivyo hivyo.

Shauri la kununua chukudu huja nyumbani mara nyingi wakati baba yuko mbali kikazi. Kijana amemaliza shule, hajapata ajira, na shamba la udongo wa volkano limetoa viazi ambavyo havijifikishi sokoni vyenyewe. Kijana anaomba fedha. Mama anatazama akiba ya nyumba, kisha anauliza, "Inabeba magunia mangapi?" Swali hilo ni zuri, ila si la kwanza. Swali la kwanza ni hili: mtoto huyu ataweza kuzuia magunia mangapi?

Tofauti ya maswali hayo mawili huonekana kwenye mteremko. Tuchukue njia inayoshuka mita 1 kwa kila mita 10 za mwendo. Chukudu yenye uzito wa kilo 100 pamoja na mzigo wake humvuta mshikaji kwa nguvu kama ya kushikilia kilo 10. Kijana mwenye afya ataimudu. Lakini chukudu kubwa, iliyojazwa hadi kilo 300, humvuta kama kilo 30, bila kupumzika, juu ya mawe na vumbi linaloteleza. Akiteleza mara moja tu, mzigo unaondoka naye. Kwa kimo cha mita 10 za kushuka, kitu kisichozuiwa na chochote hufikia kasi ya kilomita 50 kwa saa. Msuguano wa magurudumu na njia mbovu hupunguza kasi hiyo, lakini hakuna mzazi atakayependa kujua imepunguzwa kiasi gani.

Walimu wanaofundisha mchezo wa kupanda mawimbi ya bahari kwa ubao wanaifahamu kanuni hii. Mwanafunzi hawampi ubao mfupi na mwembamba wa bingwa, hata kama ndio anaoutamani. Humpa ubao mrefu, mpana na mnene, unaoelea vizuri na kutulia chini yake, mara nyingi wenye uso laini usiomuumiza akianguka. Kwenye maji, ubao mkubwa ndio unaosamehe makosa ya anayejifunza. Kwenye vilima vya Cyanzarwe mambo yamegeuka: kinachosamehe ni chukudu ndogo. Kanuni ni ile ile. Chombo cha kwanza huchaguliwa kwa kadiri ya makosa ambayo mwenye nacho hana budi kuyafanya.

Baada ya kukubaliana juu ya ukubwa, kijana na mzazi waende pamoja kwa seremala, mchana kweupe, wala wasione haya kukagua.

Kwanza, mbao. Mkaratusi hupatikana kwa urahisi nao una nguvu, lakini ukichongwa ukiwa mbichi hupinda na kupasuka unapokauka. Ubao mbichi ni mzito kuliko unavyoonekana na ukiguswa huwa na ubaridi wa unyevu. Nyuzi za mti zifuate urefu wa ubao, na pasiwe na fundo mahali ambapo usukani unaunganishwa na fremu, maana hapo ndipo mtikisiko wote hukutana.

Pili, magurudumu. Yainuliwe juu ya ardhi na kuzungushwa. Gurudumu linaloyumba kushoto na kulia limetobolewa vibaya katikati, au ekseli yake imepinda. Utafutwe ufa unaoanzia kwenye tundu la ekseli. Ufa mwembamba kama unywele leo ni vipande viwili vya gurudumu kesho. Mpira ukae imara pande zote, na vichwa vya misumari vizame ndani yake.

Tatu, usukani. Gurudumu la mbele libanwe katikati ya miguu, kisha usukani ugeuzwe kwa nguvu. Ukicheza kabla ya gurudumu kufuata, chukudu hiyo itakwenda itakako yenyewe. Kijana anapotembea kando yake akiikokota, usukani umfikie kiunoni au juu kidogo, asije akainama kutwa nzima.

Nne, breki. Nyingi huwa ni kipande cha mpira wa gari kilichofungwa nyuma, ambacho mwendeshaji hukikandamiza kwa mguu juu ya gurudumu. Kipande hicho kiwe kinene, kifungwe kwa bolti na si kwa kamba, na mguu wa kijana ukifikie pasipo yeye kugeuka nyuma. Chukudu isiyo na breki isinunuliwe kwa ahadi kwamba itafungwa baadaye.

Tano, kimo. Kijana apige goti juu ya ubao. Mguu wake wa pili ukanyage chini kwa wayo mzima. Ukigusa kwa ncha ya vidole tu, chukudu hiyo ni ya mtu mwingine, hata kama bei yake inavutia.

Chukudu ikishafika nyumbani, wiki ya kwanza isiwe ya biashara. Kijana ajizoeze penye tambarare bila mzigo, kisha na gunia moja, ndipo ajaribu mteremko mfupi. Mzigo ufungwe chini na katikati, usizidi upande mmoja. Awaulize askari wa usalama barabarani ni njia zipi anazoruhusiwa kupita, na asitembee gizani. Mtoto wa askari akivunja sheria ya barabara, jina la baba hutajwa kabla ya lake.

Hesabu ya nyumba nayo isisahauliwe. Kila jioni yaandikwe daftarini mapato ya siku, kisha yatolewe chakula cha njiani na akiba kidogo ya mipira na ekseli, kwani vitu hivyo huchakaa. Kinachobaki ndicho kinacholipa bei ya chukudu. Chombo kidogo kitakawia zaidi kurudisha fedha zake kuliko kikubwa kinachojazwa kila siku. Jambo hilo ni kweli, na mama alijue mapema ili asivunjike moyo. Lakini gharama ya mfupa uliovunjika haiandikwi katika daftari la muuzaji. Huandikwa katika la familia, pamoja na siku ambazo kijana atalala ndani na viazi vitaoza shambani.

Mwaka mmoja ukipita, kijana aliyezoea kuzuia magunia mawili ataweza kuuza chukudu yake ndogo kwa mwenziwe anayeanza, akaongeza fedha, akachukua kubwa. Wakati huo atakuwa amejifunza lile ambalo seremala hauzi: kujua kabla ya kuanza kushuka kama ataweza kusimama. Haraka haraka haina baraka, na kwenye mteremko haina breki.