AI kutabiri nguvu ya dawa: imesoma au ina mwakenya?

Ukimeza dawa, mara nyingi kazi yake huanza pale inapong'ang'ania protini fulani, iwe yako au ya kimelea. Ikishika kwa nguvu, mara nyingi protini inazimwa. Ikishika kwa ulegevu, ni kama umemeza chaki.

Uliza wazazi wako kuhusu Fansidar. Kenya iliifanya dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, lakini kufikia 2004 ilikuwa imeamua kuiacha. Kimelea kilikuwa kimebadilisha sehemu chache tu za protini yake iitwayo DHFR, na pirimethamini, moja ya dawa mbili zilizomo kwenye tembe hiyo, ikakosa pa kushika vizuri.

Kupima mshiko huo maabarani kwa maelfu ya molekuli kunakula pesa na miaka. Ndiyo maana Juni 2025 kulikuwa na shangwe watafiti wa MIT na kampuni ya Recursion walipotoa Boltz-2, programu ya bure inayoukadiria. Wenyewe wanasema inakaribia usahihi wa hesabu nzito za fizikia, kwa kasi mara 1,000 hivi. Si mchezo.

Lakini tulia kwanza. Modeli nyingi za aina hii zimefunzwa kwa hifadhidata ya PDBbind, na kuna watafiti waliozifanyia mtihani wa ujanja: waliificha protini, wakaiachia modeli molekuli peke yake. Alama hazikushuka sana!

Hebu fikiria. Unaulizwa kama ufunguo utafungua kufuli, kufuli lenyewe hujaonyeshwa, na bado unapata B+. Hiyo si akili, ni mwakenya. Modeli ilikuwa imekariri tu kwamba molekuli za sura fulani huwa zinashika.

Kwetu hii ni noma. Vipimo vingi vinatoka kwa magonjwa yenye soko, kama saratani. Kala-azar, inayosumbua Turkana, Baringo na Wajir, ina data kidogo mno. Modeli iliyokariri itakupa jibu hata huko, tena kwa kujiamini. Kwa hivyo ukisoma ati AI imepata dawa, uliza: ilijaribiwa kwa protini ambayo haijawahi kuona? Na nani alipima maabarani baadaye?

Kama unasomea biokemia au kompyuta, nafasi iko hapo. Protini za vimelea vya kala-azar zinahitaji vipimo vipya, hata vya molekuli zilizokataa kushika. Hizo mara nyingi hazichapishwi, na modeli haiwezi kujifunza isichoonyeshwa.