Jina Libaki Nchi Kavu

Kutoka Nyamisati, wilayani Kibiti, hadi Kilindoni, kisiwani Mafia, si safari ndefu, na ndiyo sababu huchukuliwa kimzaha. Msafiri huuliza nauli na saa ya maji kujaa. Ni nadra kuuliza kama jina lake limeandikwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Ilikuwa imepakia watu wengi mno kupita idadi iliyoruhusiwa, na hesabu ya waliopotea ikawa mabishano. Asiyeandikwa atatafutwa na nani?

Ndugu zetu wa Mbwera na Kiongoroni wanaijua mikoko na mikono yote ya Rufiji. Lakini mto si bahari. Kimbunga Hidaya kilipoifikia Mafia tarehe 4 Mei, 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha kutahadharisha mapema. Redio ilisema, mwenye kusikia akasikia.

Twawataka wenye vyombo waandike orodha mbili, moja ibaki bandarini kabla nanga haijang'olewa. Watoto wachanga nao waandikwe, ijapokuwa hawalipi nauli. Maboya ya kujiokolea yavaliwe (hayakushonwa yawe mito ya kulalia). Na chombo kikishajaa, nahodha akatae abiria, hata akiwa shemeji yake au mkubwa wa ofisi. Abiria aliyeachwa gatini atalala Nyamisati, na kesho atasafiri.