Broka wa Kebirigo: Unauza Ploti ya Milioni, Kamisheni Inapotea Juu Hauna Leseni

Bonasi ya majani chai ikiingia, kawaida mwezi wa 10, Kebirigo huchangamka vibaya. Wakulima wanaopeleka majani kwa kiwanda cha Kebirigo wako na doo, maduka ya simiti na mabati yanajaa, na kwa steji ya nduthi stori ni moja: nani anauza ploti, nani ananunua.

Katikati ya hiyo stori kuna broka. Yeye ndiye anajua ni mzae gani ako na kipande karibu na lami, ni kijana gani anataka kuuza ahamie Nakuru, na ni msee gani ako Minnesota anatafuta mahali pa kujengea mathake. Hana ofisi. Ako na simu, WhatsApp, na viatu zimekanyaga matope ya Nyamira yote.

Hii kazi imelipia wengi karo na rent, na hakuna mtu anaikatalia. Lakini kuna kitu mabroka wengi huja kujua wakiwa wamechelewa: kisheria, hiyo kazi inataka leseni. Na ukikosa leseni, usiogope polisi kwanza. Ogopa siku ya kudai kamisheni yako.

Sheria ni ya 1984, na haijali uko Kilimani ama Kebirigo

Sheria ya Maajenti wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, ilipitishwa mwaka wa 1984. Ndiyo ilianzisha bodi ya kusajili maajenti, ile inaitwa EARB. Kulingana na hiyo sheria, ukikutanisha muuzaji na mnunuzi, ama mwenye nyumba na mpangaji, ama ukae katikati mkipatana bei, na ulipwe kwa hiyo kazi, wewe ni ajenti. Sheria haiulizi kama una ofisi, ama kama umevaa suti.

Ukifanya hiyo kazi bila kusajiliwa ni kosa. Faini ni hadi shilingi 20,000, ama jela hadi miaka miwili, ama zote mbili. Najua unacheka hiyo 20,000. Kwa dili moja safi broka anaweza toa mara kadhaa ya hiyo. Mwaka wa 1984 hiyo ilikuwa pesa ya kutisha, saa hii wengine wanaiona kama gharama ya biashara.

Maumivu yenyewe iko kwingine. Tuseme umeuza ploti ya milioni 2 na mliskizana upewe asilimia 3. Hiyo ni 60,000. Mnunuzi amelipa, taito imebadilishwa jina, alafu mwenye shamba anazima simu. Unaenda kortini. Swali la kwanza kutoka kwa wakili wa upande ule mwingine ni rahisi: cheti chako cha usajili kiko wapi? Korti za Kenya zimetupa madai ya namna hii, juu korti haiwezi kukusaidia kukusanya pesa ya kazi ambayo sheria ilikukataza kufanya. Jasho ilikuwa yako, lakini deni halidaiki.

Na wauzaji wajanja wanajua hivyo. Ndio maana unaskia broka amezungushwa miezi sita, mwisho anapewa elfu tano ya "asante kijana".

Permiti ya kaunti si leseni

Hapa ndio wengi hujichanganya. Msee anasajili jina la biashara kwa eCitizen, analipia permiti ya kaunti ya Nyamira, anachapisha kadi na kubandika bango. Anaona amemaliza. Hizo zote ni sawa, unazihitaji, lakini hazikufanyi ajenti. Jina la biashara linasema tu biashara iko. Permiti inasema kaunti imekuruhusu kufungua duka. Ruhusa ya kuuza ardhi ya watu kwa kamisheni inatoka kwa EARB pekee.

Hata kampuni haikufichi. Wakurugenzi wenye wanafanya hiyo kazi ya uajenti lazima wao wenyewe wawe wamesajiliwa.

Kuipata inataka nini? Kwa ufupi: masomo yanayotambuliwa na bodi, yaani digrii ama diploma ya mambo ya ardhi na majengo, ama uwe mwanachama wa Institution of Surveyors of Kenya kwa upande unaohusika. Juu yake, angalau miaka miwili ya kazi ya uajenti. Bodi inakuangalia, inakuhoji, ndio jina lako liingie kwa rejista.

Ukishaingia, mambo haijaisha. Leseni ni ya kila mwaka, unairenew. Ukifanya utapeli, jina linaweza futwa. Na kuna mzigo mwingine wenye wengi hawakuutarajia: sheria ya kupambana na pesa chafu. Februari 2024 Kenya iliingizwa kwa ile orodha ya kijivu ya FATF, na macho yakageukia biashara ya ardhi, juu ardhi ni mahali rahisi pa kuficha pesa. Ajenti anatakiwa kumjua mteja wake, kuweka rekodi kwa angalau miaka saba, na kuripoti dili zinazonuka kwa Financial Reporting Centre. Mtu akikuletea mamilioni kwa gunia hataki kusema zimetoka wapi, hiyo si bahati.

Mbona hii ni moto zaidi kwetu

Hesabu ya watu ya 2019 ilipata Nyamira ina watu 605,576, karibu 675 kwa kila kilomita mraba. Ardhi ni kidogo, watu ni wengi, na vipande vimegawanywa tangu enzi za babu. Kuna mashamba mengi ambapo taito bado iko kwa jina la mzee aliyezikwa kitambo, lakini vijana wake wanne kila mmoja "anauza yake".

Broka asiyejua sheria anaona dili. Ajenti anayejua anaona kesi. Shamba la marehemu haliuzwi kabla ya urithi kumalizwa kortini. Shamba la kilimo linataka idhini ya Land Control Board, na maombi yanafaa kuingia ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Bila idhini, hayo mauzo ni hewa. Kama ni mali ya ndoa, mke ama mume lazima akubali. Na makubaliano ya ardhi lazima yaandikwe, yatiwe sahihi na yawe na shahidi. Ile ya kuandikiana kwa karatasi ya daftari kwa hoteli, kila mtu akichungulia chai yake, ndio huzaa panga miaka kumi baadaye.

Yule msee wa Minnesota anatuma pesa ya shifti za usiku. Akirudi apate kaka wa muuzaji amepanda mahindi kwa ploti yake, broka ndiye wa kwanza kutafutwa. Kwa hivyo yale masomo ambayo leseni inadai si mapambo. Ni vitu vyenye vinamzuia mtu kupoteza akiba ya maisha.

Lakini pia tuseme ukweli

Hii sheria iliandikwa kama watu wote wa ardhi wako Nairobi na wana diploma. Broka wa Kebirigo anajua mipaka, familia na kesi za ploti kuliko mtu yeyote wa ofisini, lakini hakuna ngazi ya yeye kupanda polepole. Ni diploma ama uko nje. Na ile miaka miwili ya uzoefu utaipata wapi kama hakuna ajenti mwenye leseni karibu na wewe wa kukuchukua?

Matokeo ni kwamba sheria inafanya karibu kila mtu kuwa mvunja sheria, alafu haimshiki mtu. Hiyo inasaidia matapeli tu, juu mteja hana njia ya kutofautisha broka mwaminifu na mwizi. Wote hawana karatasi. Mwaka wa 2023 Seneti ililetewa mswada wa kusimamia biashara ya nyumba na ardhi, wenye ulitaka bodi mpya ichukue mahali pa sheria ya 1984. Bodi mpya ni sawa, lakini kama haina leseni ya chini ya msaidizi, kozi fupi na mtihani unaofanyiwa Nyamira ama Kisii, itakuwa ni ile wimbo ya zamani na bendi mpya.

Sasa ufanyeje?

Kama uko kwa hii game, njia safi ya karibu ni kufanya kazi chini ya ajenti aliyesajiliwa. Wewe leta wateja na ujuzi wa mtaa, yeye asimamie dili na karatasi, na mgawo wenu uandikwe. Hapo unajenga uzoefu, na ukipata doo ya diploma uko na pa kuanzia. Kuandika makubaliano ya kuuza mwachie wakili. Hiyo pia si kazi ya broka.

Na kama ni wewe unanunua, kabla utume hata ya "kushikia ploti", itisha jina na namba ya usajili, uangalie kama liko kwa rejista ya EARB. Alafu fanya search ya taito wewe mwenyewe. Broka akikasirika juu umeuliza, amekujibu.