Mgeni wa Siku Kumi na Nne

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hesabu hiyo ilifaa mahali ambapo jembe limeegemezwa ukutani na shamba liko nyuma ya nyumba. Hapa Berlin jembe la mwanafunzi ni karatasi, na siku ya tatu humkuta bado anaitafuta. Muhula wa majira ya baridi huanza rasmi Oktoba 1, kwa hiyo kuanzia Septemba vijana wetu hushuka uwanja wa ndege na mabegi yao mawili mawili. Jumuiya yetu ya Waswahili huwaandalia pilau ya kuwakaribisha mwezi Novemba, na shughuli hufana. Lakini kufikia Novemba aliyetaabika ameshataabika. Hoja ya tahariri hii ni kwamba ukarimu wetu ni mwingi ila unachelewa kufika: tuuhamishie kwenye siku kumi na nne za mwanzo, na tuuelekeze kwenye jambo moja, nalo ni anwani.

Sheria ya Ujerumani humpa kila anayehamia kwenye nyumba wiki mbili za kujiandikisha serikalini, hatua tunayoiita sote Anmeldung. Ili aandikishwe, sharti apeleke fomu iliyotiwa sahihi na aliyempa makazi. Ni fomu ya ukurasa mmoja: jina la mwenye nyumba, anwani, tarehe ya kuhamia, majina ya wanaohamia. Kuijaza ni kazi ya dakika tano. Kumpata wa kuitia sahihi kunaweza kuchukua miezi. Mwenye nyumba hudai uthibitisho wa kipato, amana ambayo kisheria inaweza kufikia kodi ya miezi mitatu, na rekodi ya ulipaji madeni ambayo mtu aliyetua jana hawezi kuwa nayo. Fedha kijana anazo: tangu Septemba 2024, anayejigharimia kwa akaunti maalumu iliyofungwa huweka humo euro 11,904 ili apate viza, naye hufunguliwa euro 992 kila mwezi. Ila fedha hizo huhitaji akaunti ya kawaida ya kupokelea, na benki nyingi hutaka kwanza ile Anmeldung. Zipo benki za mtandaoni zinazolegeza sharti hilo, lakini hakuna inayompa chumba. Ndivyo mtu mwenye akiba ya mwaka mzima anavyojikuta akilipia kitanda cha hosteli usiku kwa usiku, mahali ambapo mara nyingi hakuna atakayemtilia sahihi.

Hata chumba kikipatikana, liko jambo dogo linaloangusha wengi. Katika nchi hii tarishi huangalia jina lililo kwenye sanduku la barua. Namba ya mlipakodi, kadi ya benki, barua ya bima ya afya, vyote huja kwa posta, na jina lisipoonekana barua hurudi ilikotoka. Mgeni aliyezoea kupokea kila kitu kwa simu hungoja wiki tatu barua iliyokwisha kufika mlangoni ikageuzwa. Kipande cha karatasi na gundi kingeyamaliza yote, lakini sharti awepo mtu wa kumwambia.

Waswahili hatukuanza kuja mji huu jana. Katika miaka ya 1890 Amur bin Nasur wa Zanzibar alifundisha Kiswahili hapa Berlin, na baada yake akaja Mtoro bin Mwinyi Bakari. Maisha yao hayakuwa mepesi, lakini waliitwa kuja kufanya kazi, na taasisi iliyowaita ilijua wanafika. Mwanafunzi wa leo amealikwa na chuo kwa barua rasmi, kisha hukuta kwamba aliyemwalika hana kitanda cha kumpa. Mji una wanafunzi karibu 200,000, na vyumba vya mabweni ya wanafunzi ni vichache mno kwa idadi hiyo. Kwa hiyo anayesema kwamba hilo ni jukumu la vyuo anasema kweli, lakini kweli hiyo haimlazi mtu usiku.

Wako wazee wetu wanaosema: sisi tulihangaika wenyewe, na tukafika. Tunawaheshimu, ila tukumbuke kwamba wanaosimulia ni wale waliofika. Aliyetuma amana kwa tapeli kabla ya kukiona chumba, akaishiwa na kurudi nyumbani, hayupo kwenye mikutano yetu kutoa ushahidi. Tena kodi za Berlin za leo si zile za miaka ishirini iliyopita. Wengine husema taarifa zote ziko mtandaoni. Ziko, na vijana wamezisoma kabla ya kupanda ndege. Wanachokosa ni mtu mwenye mlango wa kuwafungulia.

Pingamizi lenye uzito ni la sheria. Kumpa mtu anwani ya jina tu, bila yeye kuishi hapo, ni kosa linaloweza kutozwa faini ya hadi euro 50,000. Jumuiya isilifanye hilo hata kwa huruma, na anayeuza anwani kwa vijana wetu asijiite ndugu yao. Tunachokiomba ni chumba cha kweli, kinacholaliwa kweli, kwa wiki sita hadi nane, mwenye nyumba akiwa ameridhia kwa maandishi. Kwa wanaohofia kwamba mgeni atageuka mwenyeji, dawa ni mkataba mfupi wenye tarehe ya kuingia na ya kutoka. Undugu hauvunjwi na karatasi. Aghalabu huokolewa nayo.

Basi tunawaomba wanajumuiya jambo linalopimika. Kabla ya mwisho wa Julai, mwenye nafasi amwandikie katibu: chumba kipo mtaa gani, kuanzia lini hadi lini, na mwenye nyumba ameshaulizwa au bado. Asiye na chumba ataje asubuhi moja anayoweza kumsindikiza mgeni ofisi ya uandikishaji, maana Kijerumani cha darasani huyeyuka mbele ya dirisha la karani. Na atakayempokea mtu, siku hiyo hiyo abandike jina la mgeni wake kwenye sanduku la barua. Pilau ya Novemba itapikwa kama kawaida, nasi tungependa wageni waje kuila wakiwa na funguo mfukoni.