Mtoto Anayekawia Kusema: Mama Aulize Nini Masomoni?

Wamama wapendwa wa Butembo na Beni, juma hili tunazungumza juu ya watoto ambao maneno yao yanakwama. Mwalimu anamwita mama na kumwambia: mtoto wako hasemi vizuri, kuna mtu atamsaidia hapa masomoni. Mama akubali tu, au aulize kwanza? Sisi tunasema aulize. Kuuliza si kumdharau mwalimu.

Mtaalamu wa usemi, yule anayeitwa ortofonisti, husaidia watoto wenye kigugumizi, wanaokawia kusema, au ambao matamshi yao hayaeleweki. Kwetu ni wachache sana. Hata jirani zetu wa Uganda walianza kuwafundisha katika Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2008 tu. Kwa hiyo anayemsaidia mtoto wako anaweza kuwa mwalimu aliyepata mafunzo ya siku chache. Hilo si kosa, mradi aseme wazi amesomea nini na mwisho wa uwezo wake ni wapi. Anayeahidi kwamba mtoto atasema vizuri kwa mwezi mmoja, tena anadai pesa mbele, tumwogope.

Jambo la kwanza ni ruhusa. Mama aelezwe kwa lugha anayoielewa: mtoto atafanyiwa nini, siku gani, na nani. Sahihi juu ya karatasi ya Kifaransa ambayo hakuweza kuisoma si ruhusa. Akikataa, mtoto asipoteze nafasi yake darasani. Mtoto naye aulizwe kama anapenda.

La pili ni masikio. Homa ya uti wa mgongo, surua, au usaha wa masikio usiotibiwa vinaweza kumwachia mtoto uziwi. Asiyesikia atajifunzaje kusema? Apitie kwanza kituo cha afya. Na tusikubali mtu amkate mtoto kimio nyumbani ili aseme. Kisu hicho hakifundishi maneno; kinaleta kutoka damu na maambukizi.

La tatu ni lugha. Nyumbani mtoto anasema Kinande, barabarani Kiswahili, darasani anakuta Kifaransa. Akiwa hodari katika Kinande lakini kimya katika Kifaransa, huyo si mgonjwa, anajifunza. Shida ya kweli ya usemi huonekana hata katika lugha ya nyumbani. Anayempima kwa Kifaransa peke yake anamwonea. Na mama asiambiwe aache kumsemesha mtoto Kinande.

La nne, tena zito, ni siri. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika eneo la Beni yamefukuza familia nyingi, na watoto wao wameketi katika madarasa yetu. Wapo walionyamaza kwa sababu ya yale macho yao yaliyaona. Mtoto kama huyo asilazimishwe kusimulia mbele ya wenzake. Anahitaji mtu wa kutuliza moyo wake kabla ya mazoezi ya ulimi. Picha yake isipigwe ili kuombea msaada bila wazazi kukubali. Inchi yetu ilikubali Mapatano ya Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 16 kinalinda maisha ya siri ya mtoto. Mambo yake yasiwe hadithi ya kisimani.

Lakini tusigeuze maswali haya kuwa sababu ya kumficha mtoto nyumbani. Kumwita bubu na kumwachia kazi ya kuchota maji ni kumfungia njia. Sheria ya Mei 2022 juu ya watu wenye ulemavu inamlinda yeye pia.

Wakati tunangojea mtaalamu, tumsemeshe tunapomenya mihogo, tumtazame usoni, tumpe muda wa kujibu. Mwenye kigugumizi tusimalizie neno lake, wala ndugu zake wasimchekelee.

Tunaomba kila kikundi kichague wamama wawili wa kumsindikiza mwenzetu anapoitwa na mkurugenzi. Kazi yao si kugombana. Wasikilize pamoja naye, waulize yale ambayo yeye anaogopa kuuliza, na wakirudi wafunge midomo.