Shauku ya Kuazima

Mwanafunzi wa shule ya serikali huko Bunju, ukingoni mwa Dar es Salaam, humaliza darasa la saba kwa Kiswahili. Aingiapo kidato cha kwanza, masomo hugeuka Kiingereza. Ndipo hupewa orodha ya vielezi vya shauku, akavikariri na kuvimwaga katika insha: "eagerly", "gladly", "wholeheartedly", kana kwamba ni kitu kimoja.

Si kimoja. Cha kwanza ni hamu ya anayengoja. Cha pili, ridhaa ya aliyeombwa. Cha tatu, moyo wa aliyekwisha kata shauri. Anayeandika kuwa amekubali "eagerly", hali ameridhia tu, amesema uongo bila kukusudia.

Nani angemfunulia tofauti hiyo? Kiswahili chake. Hamu, ridhaa na nia anazijua tangu barazani kwao. Lakini ziko shule zinazomwadhibu mtoto kwa kuisema lugha hiyo, kisha zikashangaa Kiingereza chake kutoka baridi. Huko ni kufukia kisima na kulalamikia kiu.

Tena Kiswahili humfunza kubana maneno. Aliyeichangamkia kazi hahitaji kielezi. Shauku imo ndani ya kitenzi. Kiingereza nacho kina vitenzi vya namna hiyo, na mwandishi wake hodari huvitafuta kwanza.

Orodha na zibaki, ila zifafanuliwe kwa Kiswahili. Anayekatazwa kuitaja shauku yake kwa lugha yake ataiazima kwa watu. Na nguo ya kuazima, walisema wahenga, haisitiri.