Umeme wa Darini: Tusimsingizie Mungu Uzembe Wetu



Ndugu zangu wazazi, wenye nyumba na wapangaji wa Mengo, Kisenyi, Katwe na Ndeeba, leo nina neno moja na nitalisema wazi, maana kulinyamazia ni kushiriki. Tumezoea kuwapandisha vijana wetu darini bila kuzima umeme, juu ya nyaya ambazo hakuna aliyezikagua, na likitokea la kutokea tunasema ni qadari. Hiyo si imani. Huo ni uzembe uliovishwa kanzu.

Sababu ya kupanda huko inaeleweka. Kila mmoja wetu anaijua nyumba ya bati. Jua la Januari na Februari hukigeuza chumba kuwa tanuri, na mvua ikianza kupiga, mwalimu hasikii tena mtoto anasoma sura gani. Kwa hiyo watu wanatafuta kitu cha kuweka kati ya bati na dari: foili ya alumini, pamba ya kioo, ile foamu nyeupe inayokuja na televisheni mpya, na wengine magunia ya maranda kutoka kwa maseremala. Kutaka nafuu si kosa. Lakini huko juu ndiko zinakopita nyaya za nyumba nzima, na hapo ndipo tunapofumba macho.

Hebu tutazame yaliyowapata wenzetu. Mwaka 2009 serikali ya Australia ilitoa fedha ili nyumba nchini kote ziwekewe vizuia joto juu ya dari. Makampuni yakachipuka kama uyoga, yakaajiri vijana wasio na mafunzo ya kutosha. Kati ya Oktoba 2009 na Februari 2010, vijana wanne walikufa kazini, wa miaka 16 hadi 25. Mmoja aliuawa na joto la darini, watatu waliuawa na umeme. Katika kisa cha kwanza, pini ya chuma ya kushikiza foili ilitoboa waya wenye umeme. Mradi ukasimamishwa Februari 2010, na tume iliyochunguza vifo hivyo ikatoa ripoti yake mwaka 2014. Ikiwa nchi tajiri yenye sheria na wakaguzi ilizika watoto kwa kazi hii, sisi tunajiamini kwa lipi?

Foili ni chuma, ndugu zangu. Pini moja ikigusa waya, foili yote inabeba umeme kutoka ukuta hadi ukuta, na ikigusana na bati, bati nalo linabeba. Kijana amelala kifudifudi katikati, jasho linamtiririka, na umeme wetu ni wa volti 240. Atatokea wapi?

Na hata kazi ikiisha salama, hatari nyingine inabaki juu ya vichwa vya watoto waliolala. Waya unaofanya kazi hupata joto, na hewa ndiyo inayoupoza. Ukiuzika ndani ya foamu au maranda, joto halina pa kutokea. Kanuni za Uingereza za kufunga nyaya zinataka waya uliozungukwa pande zote kwa nusu mita au zaidi uhesabiwe kuwa unabeba nusu tu ya mzigo wake wa kawaida. Sisi tunauzika, kisha tunachomeka pasi na jagi la umeme! Foamu nyeupe ina balaa jingine: ikigusana na ganda la plastiki la waya, inanyonya kile kinachoweka ganda hilo laini, nalo likakauka na kupasuka. Na kwenye vyumba vya kupanga, ambavyo hapa Kampala twaviita mizigo, mara nyingi kuta za ndani hazifiki kwenye bati. Moto ukianza juu ya chumba cha kwanza, hauna mlango wa kubisha kabla ya kufika cha kumi.

Nikisema haya, najibiwa majibu ambayo sasa nayajua kwa moyo.

"Nimezima swichi ya taa." Swichi ya ukutani huzima taa tu. Waya unaoshuka kwenye swichi hiyo bado una umeme.

"Leo umeme umekatika." Na ukirudi saa sita mchana kijana akiwa ameushika waya, utamwambia nini mama yake?

"Nimezima meni swichi yangu." Yako, ndiyo. Lakini kwenye mizigo, waya wa jirani unapita juu ya chumba chako, na mita yake ya Yaka bado ina yuniti.

"Fundi wangu ni mzoefu." Mzoefu, au kamyufu anayeunganisha waya kwa kusokota na kuzungushia tepu? Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, hutoa vibali kwa mafundi wanaostahili. Na fiqhi yetu haikuliacha jambo hili: anayetibu watu hali hajulikani kwa utabibu, anadhamini madhara anayoyasababisha. Fundi wa kubahatisha yuko mlango huo huo. Na wewe uliyemwita kwa kuwa ni rahisi, huku ukijua, usidhani umesimama mbali naye.

"Ni qadari ya Allah." Mtume (S.A.W.) alituamrisha tuzime taa tunapolala, na akaeleza sababu: panya anaweza kuburuta utambi akawachomea watu nyumba yao. Tazama namna alivyolijali hata jambo la panya! Panya wa leo hana utambi wa kuburuta, anatafuna waya darini. Amri ile ilikuja kwa watu walioamini qadari kutushinda, na bado waliamrishwa kuzima taa.

Linaloniuma zaidi ni umri wa wanaopandishwa. Likizo ikifika, vijana wa madrasa hutafuta vibarua, na kwa kuwa ni wepesi wa mwili ndio wanaotumwa darini. Mwanafunzi wangu wa miaka 15 aliniambia kwa furaha kuwa amepata kazi hiyo. Nilipomuuliza atajuaje waya upi una umeme, alicheka. Mwenye kazi hakumwambia, na mzazi wake hakuuliza.

Basi tufanye haya:

1. Kabla ya kununua foili au foamu, mwite fundi mwenye kibali cha ERA. Akuonyeshe kibali, kisha akague nyaya, erthi na breka zote.

2. Waya uliotafunwa au kukauka ubadilishwe. Kila kiungo kiwe ndani ya boksi lenye mfuniko.

3. Mwenye nyumba aweke kifaa cha RCD cha miliampia 30, kinachokata umeme mara tu unapovuja. Anayepokea kodi ya vyumba kumi hana udhuru.

4. Siku ya kazi, meni swichi za safu nzima zizimwe, mtu mzima akae pale asiruhusu kuwashwa, na nyaya zipimwe kwa testa kabla ya kuguswa. Waya unaotoka kwenye nguzo hauzimwi na swichi yoyote ya nyumbani. Ukiwa unapita chini ya bati, waitwe UEDCL, ambao walichukua usambazaji kutoka Umeme tarehe 1 Aprili 2025.

5. Foili na pini za chuma zisitumike juu ya dari yenye nyaya. Nyaya zipite juu ya kizuia joto, zisizikwe ndani yake, na taa zilizozamishwa kwenye jipsamu zisifunikwe.

6. Mtoto asipande kabisa. Mzazi, kataa hata kama ujira ni mzuri.

Mtasema gharama ni kubwa. Kweli, fundi wa kibali ni ghali kuliko kamyufu. Lakini tukishindwa kumlipa, tuvumilie joto la bati msimu mmoja zaidi tukijichanga. Joto tumelizoea. Kumzika kijana aliyekufa kwa kazi tuliyomtuma sisi, hilo tusilizoee.

Tunamuomba Allah (S.W.) azilinde nyumba zetu na watoto wetu, na atujaalie kuwa waangalifu kabla ya kuwa wenye kulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.